Siku Moja Katika Jumba la Gedi

Wakaaji wengi wa Kibera na Kawangware wamekwisha kuona, katika picha za sinema na televisheni, lile jumba kubwa la wafalme wa China lililoko Beijing, ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1420. Zamani mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kukanyaga ndani yake, na kwa hiyo likaitwa Mji Uliokatazwa. Nauli ya kufika huko si ya karani wala ya mkulima. Lakini liko jumba lingine, la karne ile ile ya 15, ambalo mtu wa Nairobi aweza kulizunguka kutwa nzima kisha akarudi kwake. Jumba hilo liko Gedi, katika Kaunti ya Kilifi, kusini ya Malindi.

Msafiri hupanda treni Syokimau, katika reli iliyojengwa na Wachina ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, akashuka Mombasa, kisha akashika barabara ya Kilifi kwa matatu. Yafaa afike Gedi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mtu wa Kibera hatajiona mgeni sana, kwa kuwa jina la mtaa wake latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, na magofu ya Gedi yote yamo msituni, chini ya mibuyu iliyoota katikati ya kuta. Tofauti ni kwamba kule Kibera msitu ulikwisha zamani, likabaki jina tu.

Mji huo una eka 45 ndani ya ukuta wake wa nje. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wenyeji wake walikuwa Waswahili Waislamu. Liko kaburi lililoandikwa tarehe yake, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Jumba lenyewe huingiwa kwa lango lenye tao lililochongoka. Ndani mna ua wa baraza, ambapo mtawala aliketi kusikiliza mashauri ya watu, na ua mwingine wa wanawake. Kiko na chumba kisicho na mlango kabisa: mwenye kuweka mali yake humo aliingia kwa tundu lililo juu ukutani. Hapana shaka wezi walikuwapo tangu hapo.

Nyumba zilizo karibu na jumba hupewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake na Bwana James Kirkman, aliyechimba hapo tangu mwaka 1948 hata 1958. Iko Nyumba ya Mkasi, iko ya Bakuli la Kaure, iko na ya Sarafu ya Kichina. Basi vyombo vya China vilifika Gedi, na bara la Afrika nalo halikupokea tu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na mfalme yule ndiye aliyekuwa akijenga jumba la Beijing.

Lakini jambo ambalo huwashika watu wa mitaa yetu si kaure. Ni vyoo. Katika nyumba za mawe mna choo cha shimo, na kando yake mahali pa kutawadhia. Mtu anayelipa kila aendapo chooni, na kununua maji kwa mtungi, husimama hapo muda mrefu kuliko wageni wengine. Aweza kusema kwamba wazee wale walitutangulia miaka mia sita. Asema kweli, ila si kweli yote. Hayo ni makao ya matajiri. Walio wengi walikaa nyuma ya ukuta wa ndani, katika nyumba za udongo na makuti, nazo hazikuacha hata ukuta mmoja wa kupigwa picha.

Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wengine hutaja vita vya Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, wengine hutaja kuja kwa Waoromo, na wengine husema mambo yaliharibika Shehe wa Malindi alipohamia Mombasa mwaka 1593. Yote yawezekana. Hata hivyo visima vina ushahidi wao, kwa maana wenyeji walivizidisha kina mara kwa mara, wakiyafuata maji yaliyokuwa yakishuka. Mji waweza kujengwa upya baada ya vita, lakini bila maji tajiri na maskini huondoka pamoja.

Mwezi wa Julai 2024 Gedi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwenyeji wa Kenya hulipa kiingilio kilicho chini kuliko cha mgeni wa nje, nao walinzi huwaeleza wageni habari za mahali kwa Kiswahili. Jioni, nyani wadogo wakianza kuteremka mitini kutafuta makombo, msafiri hurudi langoni. Njiani hukipita tena kisima, akainama kutazama chini, asione ila giza.