Humzomea leo, kesho humbeba mabegani

JE, umewahi kumwona baba mzima, mwenye mke na watoto, akilia kwa sababu ya mpira? Si kwa kufiwa wala kwa kufutwa kazi, bali kwa sababu vijana fulani ambao hawajui hata jina lake wameshindwa uwanjani?

Ikiwa huamini, muulize shabiki yeyote wa Gor Mahia aliyesubiri ubingwa wa ligi kutoka 1995 hadi 2013. Miaka 18! Hata hivyo, subira hiyo ni cha mtoto ikilinganishwa na ya wakazi wa jiji la Boston, huko Marekani. Wao waliisubiri timu yao ya Red Sox kwa miaka 86. Wapo waliozaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu na wakazikwa bila kuiona ikitwaa kombe.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mrushaji huvurumisha kijipira kigumu, naye mpigaji hujaribu kukigonga kwa gongo kisha akimbie kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama alikoanzia, timu yake hupata alama. Kila timu hupiga kwa zamu katika vipindi tisa, na zikitoka sare huendelea hadi mshindi apatikane, hata kama ni usiku wa manane.

Jambo la kushangaza ni kwamba msimu mmoja una mechi 162. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba, timu hucheza karibu kila siku. Shabiki huwaona wachezaji hao kuliko anavyowaona shemeji zake. Huwajua kwa mwendo, kwa namna wanavyotema mate, na kwa jinsi wanavyokaza glavu kabla ya kupiga. Ndiyo maana huwapenda kama ndugu, na huwatukana kama ndugu vilevile.

Laana ya Bambino

Red Sox walikuwa mabingwa mwaka 1918. Muda mfupi baadaye, mwenye timu alimuuza mchezaji wake hodari, Babe Ruth, kwa mahasimu wao wa New York, Yankees. Habari hizo zilitangazwa Januari 1920. Tangu hapo mambo yakaenda mrama. Hadi kufikia mwaka 2000, Yankees walikuwa wametwaa ubingwa mara 26, ilhali Boston hawakupata hata mara moja. Watu wakasema ni laana, wakaiita Laana ya Bambino, lakabu ya Ruth.

Si kwamba timu ilikuwa mbovu kila mwaka. La hasha! Uchungu ulikuwa kwamba ilifika mlangoni ikakosa kuingia. Oktoba 16, 2003, katika mechi ya kuamua nani angeingia fainali, Boston waliongoza Yankees 5-2 wakiwa wamebakiza muda mfupi tu. Yankees wakasawazisha. Katika kipindi cha 11, Aaron Boone akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa na Tim Wakefield ukavuka ukuta. Mechi ikaishia hapo. Wakefield, ambaye alikuwa amewashinda Yankees hao hao mara mbili katika mfululizo huo, alitoka uwanjani ameinamisha kichwa.

Hivyo ndivyo msimu wa 2004 ulivyoanza: kwa kidonda kibichi.

Waandishi wawili na daftari zao

Mwaka huo mashabiki wawili waliamua kuandika kila kitu kilichowapata. Hawakuwa watu wa kawaida. Mmoja alikuwa Stephen King, yule bingwa wa riwaya za kutisha, na mwenzake Stewart O'Nan, naye mwandishi wa riwaya. Waliandika mechi baada ya mechi na kuandikiana wao kwa wao, na kabla ya mwaka kwisha kitabu chao, Faithful, kilikuwa madukani. O'Nan alikuwa hata akienda uwanjani na wavu ili anase mipira wakati wachezaji wakifanya mazoezi.

Watu wazima hao, wenye majina yao, walihesabu ushindi na kushindwa kwa wengine kana kwamba ni afya yao wenyewe. Na si wao tu. Jiji zima lilikuwa hivyo. Timu ikishinda, chai ya asubuhi ilikuwa tamu. Ikishindwa, hata mwenye duka alikununia.

Hebu tuone jinsi mashabiki hao walivyowatendea wachezaji wao mwaka huo, kwa maana hapo ndipo penye funzo.

Wa kwanza ni Nomar Garciaparra. Alikuwa kipenzi cha Boston tangu miaka ya tisini, na watoto walivaa jezi yake kwenda shuleni. Mwaka 2004 aliumia mguu akakosa miezi ya mwanzo. Aliporejea, mambo hayakuwa yale. Julai 1, huko New York, Derek Jeter wa Yankees aliukimbilia mpira kwa kasi mpaka akatumbukia miongoni mwa watazamaji na kutoka uso ukivuja damu. Usiku huo Nomar alikuwa ameketi kwenye benchi. Boston walishindwa 5-4, na waliokuwa wakiimba jina lake wakaanza kunong'ona kuwa hana moyo.

Julai 31 aliuzwa Chicago. Jiji likapasuka vipande viwili. Waliomnung'unikia jana walilia leo. Tutamtambulisha nani kwa watoto wetu, walijiuliza, ikiwa hata Nomar anauzwa? Waliokuja kuziba pengo, Orlando Cabrera na Doug Mientkiewicz, hawakuwa na jina kubwa. Siku hiyo hiyo alisajiliwa pia Dave Roberts, mtu ambaye sifa yake kuu ilikuwa mbio. Wengi hawakumjali.

Wa pili ni Mark Bellhorn. Huyu alikuwa na kasoro moja iliyowachoma mashabiki roho: aliukosa mpira mno. Msimu huo alitolewa mara 177 kwa kukosa kuupiga, idadi iliyopita ya mchezaji mwingine yeyote katika ligi yao. Wakati wa mechi za mchujo, watu wa nyumbani kwake walimzomea waziwazi na kutaka aondolewe kikosini. Lakini kocha Terry Francona alikataa katakata.

Usiku usiokwisha

Boston walimaliza msimu na ushindi mara 98, wa pili nyuma ya Yankees. Waliingia mchujo kwa mlango wa nyuma, wakawaondoa Angels, kisha, kama kawaida, wakakutana na Yankees tena. Mshindi angekuwa wa kwanza kufikisha ushindi mara nne.

Yankees walishinda mara tatu mfululizo. Ile ya tatu, Oktoba 16 katika uwanja wa Fenway, ilikuwa aibu tupu: 19-8. Watu walianza kuondoka kabla ya mechi kwisha. Hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyokuwa imewahi kushindwa mara tatu za kwanza kisha ikashinda nne zilizosalia.

Kesho yake, mambo yalikuwa yale yale. Boston walikuwa nyuma 4-3 katika kipindi cha tisa, na aliyekuwa akiwarushia mpira ni Mariano Rivera, mtu ambaye kumfunga kulikuwa kama kukamua maziwa kutoka kwa jiwe. Kevin Millar akapewa kituo cha kwanza bila kupiga. Hapo Francona akamtoa, akamwingiza mkimbiaji. Nani? Dave Roberts, yule ambaye wengi hawakumjali.

Kila mtu uwanjani alijua atajaribu kuiba kituo cha pili. Rivera alijua, aliurusha mpira kituo cha kwanza mara tatu ili kumnasa. Kisha akamgeukia mpigaji, na Roberts akachomoka kama mshale. Mpira ulifika, mkono wa mlinzi ukashuka, lakini Roberts alikuwa tayari amekigusa kituo. Sekunde chache tu! Bill Mueller akaupiga mpira katikati, Roberts akafika nyumbani, ikawa 4-4.

Mechi hiyo iliendelea hadi kipindi cha 12. Saa saba usiku ilikuwa imepita Boston, na hapa Nairobi ilikuwa Jumatatu asubuhi watu wakigombania matatu, wakati David Ortiz alipoupiga mpira ukavuka ukuta. Jioni ya siku hiyo hiyo walicheza tena, vipindi 14, na Ortiz huyo huyo akawapa ushindi.

Na ni nani aliyerusha mpira katika vipindi vitatu vya mwisho vya usiku huo wa pili, bila kuwaruhusu Yankees hata alama moja? Ni Tim Wakefield, yule aliyetoka ameinamisha kichwa mwaka uliotangulia. Katika kile kipigo cha 19-8, ndiye aliyekubali kuingia na kuchoka ili wenzake wapumzike, ingawa kwa kufanya hivyo alipoteza nafasi yake ya kuanza mechi ya kesho yake.

Mechi ya sita, Curt Schilling alirusha akiwa na kifundo cha mguu ambacho madaktari walikuwa wamekishona ili kano isiteleze. Soksi yake ililowa damu mbele ya kamera. Na pigo lililoleta alama tatu siku hiyo lilitoka kwa nani? Mark Bellhorn! Akafunga tena katika mechi ya saba, ambayo Boston walishinda 10-3, na tena katika mechi ya kwanza ya fainali. Waliomzomea wiki iliyotangulia sasa walikuwa wakilitaja jina lake kwa heshima.

Fainali dhidi ya St. Louis Cardinals haikuchukua muda. Ilimalizika kwa ushindi mara nne mfululizo, Oktoba 27, 2004, usiku ambao mwezi ulipatwa. Watu walitoka na bendera na kofia wakazipeleka makaburini, wakaziweka juu ya makaburi ya baba na babu zao. Ni kama waliwaambia: mzee, hatimaye tumeshinda.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na doa. Siku Yankees walipobanduliwa, umati ulifurika barabarani karibu na Fenway. Polisi walifyatua risasi za pilipili ili kuutawanya, na mwanafunzi mmoja wa chuo akapoteza maisha. Alikwenda kusherehekea mpira, hakurudi. Wazazi mnaosoma haya mnaelewa.

Mtu aliyebebeshwa miaka yote

Sasa nakuja kwa mtu ambaye hakucheza kabisa mwaka 2004. Jina lake Bill Buckner.

Oktoba 25, 1986, Boston walikuwa karibu kabisa kutwaa ubingwa dhidi ya New York Mets. Waliongoza 5-3 katika kipindi cha 10, na walihitaji kumtoa mpigaji mmoja tu zaidi. Mets wakafufuka. Hatimaye mpira mwepesi ukabingirika kuelekea kituo cha kwanza alikosimama Buckner, mtu mwenye vifundo vya miguu vilivyochakaa. Ukapita katikati ya miguu yake. Mets wakashinda.

Kuanzia siku hiyo, jina la Buckner likawa tusi. Ukweli ni kwamba mpira huo ulipompita, Mets walikuwa wamekwisha kusawazisha kutokana na makosa ya wengine. Ukweli mwingine ni kwamba ilibaki mechi moja zaidi, na Boston walishindwa hiyo pia. Lakini shabiki mwenye uchungu hataki hesabu. Anataka mtu wa kulaumu. Mchezaji aliyecheza ligi kuu kwa misimu 22 na kuupiga mpira vizuri mara 2,715, akakumbukwa kwa mpira mmoja. Alitishiwa maisha. Watoto wake walisikia maneno. Aliporudi kuichezea Boston mwaka 1990 alipigiwa makofi, lakini masimango hayakwisha, na mwishowe akahamia Idaho, mbali na kelele.

Mwaka 2004 mpira wa mwisho wa fainali uliporushwa kituo cha kwanza na Mientkiewicz akaudaka, mahali pale pale ambapo Buckner aliukosa, wengi walimkumbuka.

Aprili 8, 2008, Buckner alialikwa Fenway kurusha mpira wa ufunguzi. Alitembea peke yake kutoka ukutani hadi katikati ya uwanja. Maelfu ya watu walisimama wakapiga makofi, wakaendelea kupiga, mpaka akafuta machozi. Alifariki dunia Mei 2019 akiwa na miaka 69.

Makofi hayo yalikuwa mazuri. Hata hivyo, mtu hawezi kukosa kujiuliza: je, yangepigwa kama timu isingeshinda 2004? Ni rahisi kumsamehe mtu baada ya shibe. Kazi ni kumsamehe wakati tumbo lingali tupu.

Hapa kwetu pia tunao akina Buckner. Ni kipa aliyefungwa dakika ya mwisho, au kijana wa kidato cha tatu aliyekosa penalti katika mashindano ya wilaya na akaitwa jina baya hadi alipomaliza shule. Nyumbani ni mtoto aliyeanguka mtihani mmoja, ambaye kila wageni wakija hukumbushwa.

Msimu una mechi 162. Kama Francona angewasikiliza mashabiki, Bellhorn angekuwa benchini siku alipohitajika zaidi. Jumapili hii, mwanao atakaporudi kutoka uwanjani ameinamisha kichwa, mkaribishe chakula kwanza. Mambo ya mpira yatasubiri.