Romaine: acha muti moja bila kukata

Ba mama na ba baba wa kambi, mwaka ule mushahara ulichelewa miezi tatu, kwetu makuta ya chumvi ilitoka paka kwa saladi. Mama wa nyumba alikuwa na vitanda viwili vya romaine nyuma ya jiko. Mie mwenye kusimamia sendika nilirudi mikono mitupu. Yeye njo alitulisha.

Romaine njo ile saladi ya majani marefu, inasimama wima. Panda mwezi wa 5 mpaka wa 7, wakati wa baridi. Joto ikipita digri 27 hivi, mbegu nyingi zinalala tu, hazioti. Na hapana kuzizika, zinapenda mwanga: mwaga juu ya udongo laini, funika kidogo sana, mwangilia polepole. Ikiwa na majani 4, hamisha, acha sentimita 30 katikati.

Sasa udongo, tusidanganyane. Saladi inavuta risasi na kadimi. Kuosha inatosha vumbi, haitoshi kile kimeingia ndani ya jani. Kama lupango iko karibu na kiwanda, jaza mifuko na udongo wa mbali na samadi ya kuku yenye kuoza. Na nguo za kazi, usizikung'ute pale. Mie nilifanya vile, nikafukuzwa na fagio.

Kila mwaka kununua pakiti, sababu gani? Romaine ya zamani, sawa Blonde Maraîchère, inazaa watoto wenye kufanana naye, juu ua lake linajizalisha lenyewe. Lakini hapa batu wengi wanakosea: wanaacha ule muti wa kwanza kupanda juu, kwa sababu hauuziki tena. Watoto wake nao watapanda mbio! Funga kamba nyekundu ku ule muzuri unaochelewa kuliko yote, na mutu asiuguse.

Utatoa maua madogo ya manjano, kisha manyoya meupe. Pale kata, tikisa ndani ya mufuko wa karatasi, kausha kivulini, tia ndani ya chupa kavu. Chagua muti wa mwezi wa 5, ili ukomae mbele ya mvua.

Muti moja unatoa mamia ya mbegu. Sisi tuligawia jirani wawili. Mwaka moja mvua iliozesha zetu zote, na wao njo waliturudishia.