MICHEMBE NA MATOBOLWA: AKIBA YA VIAZI VITAMU KWA MIEZI YA NJAA



Katika nchi ya Bariadi hakuna mtu asiyejua michembe na matobolwa. Mtoto hutafuna matobolwa akichunga ndama, na mgeni afikapo adhuhuri hupewa michembe iliyopikwa kwa karanga, kisha maziwa ya mgando. Chakula hiki ni kazi ya mama zetu wa Usukuma tangu zamani. Karatasi hii yakueleza sababu za kazi hiyo unayoijua, ili uifanye kwa wakati wake na kwa usafi. Maana kosa dogo katika kuanika huweza kuinyima nyumba chakula cha miezi mitatu.

1. Kwa nini tukaushe viazi

Mtama na uwele hukaa katika kihenge, lakini kiazi kibichi hakikai. Katika kila kilo 10 za viazi vibichi, karibu kilo 7 ni maji, na penye maji ndipo penye kuoza.

Wengine husema, “Nitaviacha ardhini, nivichimbe kidogo kidogo.” Shauri hili ni jema wakati wa mvua tu. Mvua ikikoma, udongo hukauka na kupasuka, ndipo aingiapo fukuzi wa viazi, mdudu mdogo mwembamba mfano wa sisimizi. Mdudu huyu hana nguvu za kuchimba. Nyufa ndizo mlango wake. Hutaga mayai katika kiazi, na funza wake hutoboa ndani. Kiazi kilichotobolewa huwa kichungu, na uchungu huo hautoki hata ukikitokosa mchana kutwa. Udongo wa mbuga hupasuka sana kuliko ule wa luseni. Hata hivyo, katika luseni nako kiazi kinenepapo hupasua tuta. Basi ufukie nyufa kwa jembe, na upesi uchimbe.

2. Shindano la pamba na viazi

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Majira ya kuanika viazi ndiyo majira ya kuchuma pamba, na mikono ya kufanya kazi zote mbili ni ile ile. Baba hutazama pamba, kwa kuwa ndiyo fedha ya karo na ya ng’ombe. Mama hutazama matuta, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa na watoto chakula.

Naliitwa mwezi wa Agosti katika mji mmoja kutazama viazi. Pamba ilikuwa imekwisha kuchumwa, shamba safi kabisa. Mama akafukua tuta moja, la pili, na la tatu. Viazi vyote vilikuwa na matundu. Mwezi wa Februari nalipita tena, nikamkuta baba akiswaga ndama wake mnadani ili apate fedha ya kununua mahindi. Fedha ya pamba ilikuwa imekwisha zamani.

Ndugu, pamba iliyofunguka wakati wa kiangazi huweza kungoja siku chache juu ya mti wake. Kiazi hakingoji. Baba, litoe juma moja la mikono ya nyumba yako kwa ajili ya viazi, nawe mwenyewe ushike jembe uchimbe. Zamani za utawala wa Waingereza watu walilazimishwa kwa amri kulima mazao ya kuzuia njaa, kama muhogo na viazi. Amri zile zimepita, lakini njaa haijapita.

3. Namna ya kutengeneza michembe

Michembe hukatwa katika viazi vibichi. Chagua viazi vizima, visivyo na matundu wala uozo. Viache kivulini siku mbili au tatu vinyauke kidogo, ndipo vitakapomenyeka na kukatika kwa urahisi. Vioshe, vimenye, kisha uvikate vipande vyembamba vyenye unene mmoja. Vipande vikitofautiana, vile vyembamba hukauka na vile vinene hubaki na maji ndani, navyo huoza na kuviambukiza vyenzake.

Anika juu ya mwamba ulio safi, au juu ya mkeka, au, iliyo bora, juu ya kichanja kilichoinuka, mahali ambapo mbuzi na kuku hawafiki. Usianike juu ya ardhi tupu, kwa maana mchanga hauondoki tena. Vigeuze vipande kila siku, na jioni uvianue, umande usivipate. Jua likiwa kali, vipande vyembamba hukauka kwa siku tatu au nne.

Jaribu hivi: shika kipande, ukivunje. Kikikatika kwa mlio kama kijiti kikavu, kimekauka. Kikipinda, kirudishe juani.

4. Namna ya kutengeneza matobolwa

Matobolwa hukatwa katika viazi vilivyopikwa. Vitokose viazi pamoja na maganda yake, maji yawe machache na chungu kifunikwe, mpaka viive bila kupondeka. Vimenye vingali na joto, uvikate vipande, uvianike kama ilivyoelezwa juu. Kiazi kipikwapo polepole, wanga wake hugeuka sukari kwa sehemu. Ndiyo sababu matobolwa ni matamu kuliko michembe, nayo huliwa bila kupikwa tena. Michembe sharti ipikwe.

Kilo 100 za viazi vibichi, zikiisha kumenywa na kukauka, hutoa karibu kilo 25 hadi 30. Usihuzunike kuona lundo limepungua, kwa maana kilichoondoka ni maji na maganda.

5. Namna ya kuweka

Acha vipande vipoe kabla ya kuvitia katika kihenge au gunia, kwa kuwa vikitiwa na joto hutoa jasho. Kihenge kifagiliwe, na vumbi la mwaka jana litupwe nje, kwani ndimo wadudu wanamojificha. Kiinue juu ya mawe, na paa lisivuje. Kila mwezi, siku ya jua, kifungue utazame.

Vipande vyenye kuvu uvitupe. Usivitwange, usiwape kuku wala ng’ombe. Jihadhari vivyo hivyo na karanga na mahindi yenye kuvu. Mwaka 2016 watu walifariki katika Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

6. Namna ya kula

Viazi hutia nguvu ya kazi, lakini haviujengi mwili wa mtoto peke yake. Mama zetu walijua jambo hili walipovipika kwa karanga. Osha michembe, iloweke kidogo, uichemshe mpaka ilainike, kisha utie karanga zilizotwangwa na chumvi, uipike mpaka rojo liwe zito. Yafaa pia kuipika na kunde au choroko. Unga wa michembe ukichanganywa na unga wa mtama hufanya uji mtamu usiohitaji sukari. Maziwa yakiwapo, mtoto apewe kwanza.

Kuna pia viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama Ejumula na Kabode, mbegu zilizotoka Uganda. Hivi vina vitamini A, ambayo huyalinda macho ya mtoto. Vile vyeupe vinayo kidogo sana. Lakini vitamini hii hupungua kwa jua na kwa kukaa. Basi vikate vyembamba vikauke upesi, viweke mahali pa giza, na uvile kwanza kabla ya vyeupe.

7. Mambo ya kukumbuka

Chimba kabla ardhi haijapasuka.
Kata kwa unene mmoja, anika juu ya kitu safi.
Anua jioni, usiweke mpaka kipande kikatike kwa mlio.
Tupa chenye kuvu.
Pika pamoja na karanga, kunde au choroko.

Tumesoma habari za Yusufu, jinsi alivyoweka akiba katika Misri wakati wa miaka ya shibe. Yeye alikuwa na maghala ya Farao. Wewe una kihenge kimoja nyuma ya nyumba yako. Lakini mwezi wa Februari, mvua inaponyesha na mtama haujakomaa, watoto wako watakitazama kihenge hicho. Wakikute kimejaa.