Mbwa wa kulinda mbuzi: Kangal au wa kienyeji?

Mfugaji anayepoteza mbuzi kila mwezi kwa fisi, chui au mbweha hahitaji kuambiwa kwamba hiyo ni hasara. Kinachomsumbua ni jinsi ya kuizuia. Wapo wanaotega sumu, jambo ambalo ni kosa kisheria na huua hata mbwa na mifugo ya jirani. Njia nyingine, iliyojaribiwa kwa miaka mingi kusini mwa Afrika, ni mbwa anayelelewa zizini ili aishi na mbuzi na kuwalinda.

Swali linalofuata ni la kiuchumi: je, mfugaji atafute mbwa wa kigeni mwenye sifa, au atumie wa kienyeji?

Mbwa kutoka Uturuki

Kangal ni mbwa wa wachungaji wa Uturuki na amepewa jina la mji wa Kangal katika jimbo la Sivas. Yeye na ndugu zake wanaoitwa mbwa wa Anatolia ni wakubwa: dume huweza kufikisha kilo 50 hadi 60. Kazi yake si kuswaga mbuzi. Hukaa katikati yao, hubweka anapohisi hatari, na husimama kati ya kundi na adui. Mara nyingi hilo pekee hutosha kumfukuza chui au duma.

Nchini Namibia, mfuko wa kuhifadhi duma ulianza kuwapa wafugaji mbwa hawa mwaka 1994, ili mbuzi wapone na duma wasipigwe risasi. Wengi wa wafugaji waliopewa walieleza kuwa hasara ilipungua sana. Kutokana na mafanikio hayo, katika miaka ya 2010 mbwa wa aina hii waliletwa kutoka Namibia hadi vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hapa Tanzania.

Mbwa wa nyumbani

Botswana nao walianza na mbwa wa kigeni, kisha wakageukia mbwa wao wa kienyeji, yule mwembamba mwenye manyoya mafupi, anayefanana na mbwa tunaowaona katika vijiji vyetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha na wa kigeni na kuhitimisha kuwa mbwa wa Kitswana wanafaa zaidi katika mazingira yale ya ukame.

Sababu zake si ngumu kuelewa. Mbwa wa kienyeji amezoea joto na hula kidogo, na akifa ni rahisi kupata mwingine. Udogo wake si kasoro kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ulinzi ni kelele na ujasiri, si kupigana. Kwa simba au kundi la fisi, hata Kangal hawezi kushinda. Hapo mbwa ni wa kuamsha watu tu, na kinga ya kweli ni zizi imara.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme chakula cha mbwa, yaani unga wa dona uliochanganywa na dagaa, kinagharimu Sh 2,000 kwa kilo. Kangal ale kilo moja kwa siku na wa kienyeji nusu kilo. Kwa mwaka, Kangal atakula Sh 730,000 na wa kienyeji Sh 365,000.

Ikiwa mbuzi mmoja anauzwa Sh 100,000, Kangal lazima aokoe mbuzi wanane kwa mwaka ili alipie chakula chake. Wa kienyeji anatakiwa kuokoa wanne. Hapo hatujahesabu bei ya Kangal, usafiri na vibali vya kumwingiza nchini. Weka bei za eneo lako, kisha utazame daftari lako: mwaka jana uliliwa mbuzi wangapi?

Kama ni pungufu ya wanne, fedha yako ianze kwa kuimarisha zizi. Kama ni sita au saba, wa kienyeji anatosha. Kangal anaingia katika hesabu kwa mwenye kundi kubwa, malisho ya mbali na hasara ya mbuzi wengi kila mwaka, na mwenye uhakika wa kumlisha hata miezi ya njaa. Mbwa mkubwa asiyeshiba huacha kundi na kwenda kuwinda.

Malezi ndiyo kazi

Aina yoyote utakayochagua, mbwa hazaliwi mlinzi wa mbuzi. Mchukue akiwa na umri wa wiki nane hivi na umweke zizini pamoja na watoto wa mbuzi. Alale humo na alishwe humo. Watoto wa nyumbani wasimfanye wa kuchezea, maana atakayezoea jikoni atalinda jikoni. Akianza kuwakimbiza mbuzi au kuwauma masikio, mkemee hapo hapo. Usimhesabu kuwa mlinzi kamili kabla ya mwaka mmoja na nusu. Ni vyema pia kumhasi, ili asizurure kutafuta majike.

Aidha, usisahau afya. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kila mwaka na dawa ya minyoo mara kwa mara. Wafugaji wengi humtupia mbwa kichwa cha mbuzi aliyekufa kwa kizunguzungu. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Ndani ya ubongo huo mna mabuu ya tegu. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi hadi kwenye majani, na mbuzi wengine huugua. Mlinzi wa namna hiyo anaweza kuua mbuzi wengi kuliko fisi. Kichwa hicho kichomwe moto au kifukiwe kwa kina.

Kwa mfugaji mwenye mbuzi 20 au 30, ushauri wangu ni kuanza na mtoto wa mbwa wa kienyeji, aliyetoka kwa mama mpole na mwenye afya. Kabla ya kumchukua, anza leo kuandika kila mbuzi anayepotea, tarehe na mnyama aliyemla. Baada ya mwaka, daftari hilo litakuonyesha kama mbwa wako analipa, au kama hasara iliyobaki ni kubwa kiasi cha kuhitaji Kangal.