Mvuvi wa Lamu Awe na Mashua Yake

Ukishuka kutoka Garissa kupitia Ijara, unatokea Lamu, ambako wageni hukodi mashua kwenda kuvua sulisuli. Mgeni halipii kilo za samaki. Hulipia siku, mafuta, chambo na ujuzi wa nahodha. Fedha hizo humwendea mwenye mashua, ndiyo maana mashua hizo zapaswa kuwa za wavuvi wenyewe. Wapo wanaohofia samaki kwisha, na hofu hiyo ina msingi: ndiyo sababu bahari huhitaji kulindwa, kama katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyo kaskazini, iliyotangazwa 1979. Lakini sulisuli mara nyingi huchomolewa ndoana ubavuni mwa mashua, kichwa kikiwa bado majini, kisha huachiwa; nguru ndiye huenda jikoni. Kikwazo kigumu zaidi kwa mvuvi mwenye mashua ni upepo wa kusi, unaochafua bahari katikati ya mwaka. Miezi hiyo nahodha huhitaji mkopo ambao marejesho yake husubiri upepo wa kaskazi, bahari inapotulia.