Gari Kuukuu na Nguvu ya Kukopa

Watu wengi wapendao magari ya mbio ya zamani hudhani kuwa nguvu ya injini ni kitu cha kununua dukani na kufungwa kwa spana, kazi ikawa imekwisha. Hununua kabureta kubwa, hubadili ekzosi, kisha hushangaa kuona injini iliyodumu miaka hamsini ikifa katika muda wa mwezi mmoja. Hapo lawama zote humwangukia fundi. Lakini tukitaka kusema kweli, mara nyingi kosa lilianza kabla fundi hajafungua hata bolti moja, pale mwenye gari aliposhindwa kueleza kuwa aitaka injini yake kwa kazi gani.

Jambo hili si la kuchezea. Magari hayo hayaundwi tena, na bloki ya injini ikipasuka huenda isipatikane nyingine. Tena barabara si mali ya mwenye gari peke yake. Hupita humo watoto wa shule, wapanda baiskeli na mabasi ya abiria. Kwa ajili hiyo yafaa tulitazame kwa makini, na mfano ulio mwema tunao karibu nasi: Datsun 240Z.

KAZI MBILI ZA INJINI MOJA

Gari hili lilitolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969, na wazee wengi wa Afrika ya Mashariki hawajalisahau. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na Lofty Drews, alishinda kwa gari la namna hiyo hiyo, baada ya kulingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Wakati huo huo huko Marekani, mafundi wa Pete Brock walilitengeneza 240Z kwa ajili ya viwanja vya lami, na dereva wao John Morton akatwaa ubingwa wa taifa wa daraja lake mwaka 1970 na tena mwaka 1971.

Injini za magari hayo zilikuwa za ukoo mmoja. Zilitokana na ile iitwayo L24, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, na nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha siku zile. Lakini kazi zilikuwa mbili mbalimbali. Gari la uwanjani hukimbia kwenye lami safi kwa muda mfupi, kisha hurudi kwa mafundi wake likafunguliwa na kukaguliwa. Gari la Safari lilipita vumbi, matope na mawe kwa maelfu ya kilomita, na dereva wake alihitaji injini inayovuta vizuri tangu mizunguko ya chini na isiyochemka njiani. Mafundi wa pande zote mbili walifaulu kwa kuwa walijua tangu mwanzo wanatengeneza gari la kazi gani.

KILA NGUVU INA DENI LAKE

Nguvu ya injini hutokana na hewa na petroli ziunguazo ndani ya silinda. Mtu akitaka kuiongeza ana njia nne: aingize hewa nyingi zaidi, aibane zaidi, azungushe injini haraka zaidi, au apanue silinda zenyewe. Hakuna hata njia moja isiyodai malipo.

Tuanze na hewa. Mafundi huondoa kabureta mbili za kiwandani na kufunga tatu aina ya Weber, kila moja ikiwa na midomo miwili, hata kila silinda ikapata mdomo wake. Pamoja nazo hutiwa kamshafti inayoinua valvu juu zaidi na kuziacha wazi kwa muda mrefu. Faida yake huonekana mizunguko inapokuwa juu. Huko chini injini hukohoa, hutetemeka na kula petroli bure. Uwanjani haidhuru kitu, bali katika foleni ya mjini ni adhabu. Na kabureta hizo zikirekebishwa vibaya, petroli ikawa haba kuliko hewa, pistoni zaweza kuungua na kutoboka.

Njia ya pili ni kubana, na watu huifuata kwa kuchonga uso wa silinda hedi. Katika L24 kamshafti imekaa juu ya hedi na huendeshwa kwa cheni. Hedi ikichongwa, kamshafti husogea karibu na krenki, cheni ikalegea na valvu zikachelewa kufunguka. Fundi ajuaye kazi hutia vipande vyembamba vya kuinua chini ya vishikizo vya kamshafti, au hutumia tundu jingine kati ya matundu matatu yaliyomo katika gia yake ili kurudisha taimingi. Fundi wa kubahatisha hufunga tu na kumpa mwenye gari ufunguo.

Tena injini iliyobanwa mno hugonga, maana sehemu ya petroli hujiwasha yenyewe pasipo zamu yake, na mapigo hayo huvunja pistoni. Zamani risasi iliyotiwa katika petroli ilisaidia kuzuia kugonga. Petroli hiyo imekwisha kuondolewa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuwauzia wenye magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Basi kabla ya kupeleka hedi kuchongwa, hapana budi mtu ajue kwanza petroli anayouziwa kituoni ni ya namna gani.

Njia ya tatu ni kuongeza mizunguko, nayo ndiyo huwadanganya wengi. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika ikifikishwa 7,500, mwendo wake umeongezeka kwa robo tu. Lakini nguvu inayovuta pistoni na mikono inayoziunganisha na krenki huongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Bolti na springi za valvu zilizotosha jana, leo hazitoshi.

Njia ya nne ni kupanua. Nissan walitoa baadaye injini ya L28, ndugu wa L24, yenye silinda za milimita 86 na ujazo wa sentimita 2,753. Wapo mafundi wanaochukua krenki ya injini ya dizeli LD28, ambayo huipa pistoni mwendo wa milimita 83, na kupanua silinda hadi milimita 89. Ujazo hufika karibu lita 3.1. Nguvu hii hupatikana bila ya kuikimbiza injini kupita kiasi, na kwa hiyo hufaa barabarani. Lakini kuta za silinda hubaki nyembamba, na ni lazima unene wake upimwe kwa chombo kabla ya kuchonga. Asiyepima huenda akachonga akakuta njia ya maji.

KWANZA KUSIMAMA, KISHA KUKIMBIA

Kwa hiyo kazi hii ina utaratibu wake. Kwanza, ipimwe injini ilivyo: mbano wa kila silinda, msukumo wa oili, na uzima wa radieta. Kuongeza nguvu juu ya injini iliyochoka ni kujenga ghorofa juu ya msingi uliopasuka.

Pili, zitengenezwe breki na matairi. 240Z lilitoka kiwandani na breki za diski mbele na za ngoma nyuma, zikipimwa kwa nguvu ya kiwandani. Gari liendalo kilomita 140 kwa saa hudai breki zifanye kazi karibu mara mbili ya lile liendalo kilomita 100. Anayeongeza nguvu akaziacha breki kama zilivyokuwa, amewakopa wapita njia bila ya idhini yao.

Tatu ndipo ije nguvu, kwa kadiri ya kazi. Na gari likiwa la uwanjani, sampu itiwe vizuizi, maana katika kona kali oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa tupu na beringi zikaungua.

Wako watakaosema, kwa nini gari moja lisitumike kazini siku za juma na uwanjani siku ya Jumapili? Laweza, kama mwenyewe ataridhika na kiasi. Akitaka yote kwa ukamilifu, akumbuke kuwa mshika mawili moja humponyoka.

Ndugu mwenye gari, mweleze fundi wako kazi unayoitaka, na mwandike pamoja. Nawe ndugu fundi, usione haya kukataa kazi isiyo na kipimo. Heshima ya ufundi imo katika gari lililokwenda likarudi salama, pamoja na aliyekuwamo na wale aliokutana nao njiani.