Nani Kaiambia Kompyuta Ikalale?

Weka filamu ya saa mbili kwenye kompyuta mpakato, kaa pembeni na sahani yako ya wali, usiguse kitu. Mashine haitasinzia mpaka majina ya waigizaji yaishe kupita. Kesho yake ipe kazi ya maana zaidi: ikokotoe takwimu za tasnifu yako kwa programu uliyoiandika mwenyewe, kisha wewe nenda kalale. Alfajiri unakuta kioo cheusi, kitaa kinapepesa, na kazi imekwama asilimia 40. Mashine ni ileile na mipangilio ni ileile. Filamu imeheshimiwa, tasnifu imedharauliwa.

Wengi wakishafikwa na hilo hukimbilia mipangilio ya umeme, wakachagua kompyuta isilale kamwe, wakausahau mpangilio huo hapo kwa miaka. Dawa hiyo inatibu, sikatai, lakini inamtibu mgonjwa mmoja kwa kuwanyima usingizi watu wa nyumba nzima. Iko njia nadhifu zaidi, nayo imo ndani ya kompyuta yako tayari. Kuielewa kunaanzia kwenye swali la jinsi mashine inavyoamua kwamba muda wa kulala umefika.

Ndani ya mfumo endeshi mna saa inayohesabu muda uliopita tangu uguse kibodi au kipanya kwa mara ya mwisho. Ukibonyeza herufi moja, saa inarudi sifuri. Isipoguswa hadi kikomo kilichowekwa, tuseme dakika 15, amri ya kulala inatolewa. Mtu angetarajia mashine iangalie kwanza kama prosesa ina shughuli, lakini hilo halisaidii sana, maana prosesa haikosi shughuli hata siku moja. Kuna programu ya kusaka virusi, kuna masasisho yanayojipakua yenyewe, kuna barua pepe inayochungulia seva kila baada ya muda. Kama kila jambo la namna hiyo lingetosha kuiweka macho, kompyuta isingelala abadani. Mashine haina jinsi ya kujua kwamba hesabu zako ni za tasnifu na zile nyingine ni za kupanga upya faili za zamani. Kwa hiyo wabunifu walikata shauri: saa itahesabu vidole, na programu yenye kazi isiyotaka kukatizwa itaomba yenyewe.

Kicheza filamu kinaomba. Kila kinapoanza kuonyesha picha kinauambia mfumo: kuna mtu anatazama, usizime kioo wala usilale. Vivinjari kadhaa navyo huomba vinapokuwa katikati ya kupakua faili. Programu yako ya takwimu haikuomba kwa sababu wewe uliyeiandika hukuiandikia ombi. Hakuna fumbo zaidi ya hapo.

Kuhesabu ukimya wa vidole ni jambo la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani, na mwanzoni halikuhusu umeme. Mwaka 1983 John Socha, mtengeneza programu wa Marekani, alichapisha katika jarida la Softalk programu fupi iliyoitwa SCRNSAVE. Vioo vya mirija vya siku zile viliungua: maandishi yakikaa mahali pamoja kwa muda mrefu yaliacha kivuli cha kudumu kwenye unga unaong'aa uliopakwa ndani ya kioo. Programu ya Socha ilizima picha baada ya dakika 3 bila mguso. Aliyetaka muda mwingine ilimbidi aufungue msimbo wa programu, abadilishe namba na kuitengeneza upya.

Umeme ukawa hoja mwaka 1992, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilipoanzisha nembo ya Energy Star. Bidhaa za kwanza kupewa nembo hiyo zilikuwa kompyuta na skrini zake, na sharti la awali lilitaka kompyuta iliyoachwa bila kuguswa iweze kujishusha yenyewe hadi wati 30 au pungufu. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton aliagiza ofisi za serikali kuu zinunue kompyuta zenye uwezo huo. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa kanuni za pamoja zinazojulikana kama ACPI, na ndizo zinazoutawala usingizi wa kompyuta nyingi hadi leo. Kanuni hizo zimeugawa usingizi kwa madaraja: S0 mashine iko macho, S3 imelala huku kumbukumbu yake ikiwa hai, S4 imeandika kila kitu diskini na kujizima, S5 imezimwa kabisa.

Hiyo S3 inastahili kutazamwa kwa karibu. Prosesa, diski, feni na kioo vyote hukatiwa umeme. Kinachoendelea kulishwa ni RAM, yaani ile kumbukumbu, na hailishwi kwa upendeleo. Kila biti ya RAM hukaa ndani ya kapasita ndogo mno inayolindwa na transista moja, ubunifu wa Robert Dennard wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1960. Kapasita hizo zinavuja. Chaji ikishaingia tu inaanza kupotea, na moja ikigeuka sifuri, barua uliyokuwa ukiiandika inageuka takataka. Ndiyo maana kila biti husomwa na kujazwa upya, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde. RAM ya GB 8 ina biti zaidi ya bilioni 68. Wakati mashine inaonekana imezimika mezani, chipu hizo zinajijaza zenyewe usiku kucha kwa umeme kidogo sana, na asubuhi unaikuta sentensi yako pale pale ulipoiachia.

Lakini kile kinachodumu kwako kinadumu pia kwa mwizi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM haisahau papo hapo hata ikikatiwa umeme. Walichukua kopo la kawaida la hewa ya kupulizia vumbi, wakaligeuza juu chini, wakazipoza chipu hadi nyuzi 50 hivi chini ya sifuri, na data ikadumu kwa dakika kadhaa. Muda huo uliwatosha kuchopoa RAM na kusoma funguo za siri zinazolinda diski. Anayebeba majina ya wagonjwa au hesabu za wateja asichukulie usingizi wa kompyuta kuwa ni kufuli. Azime kabisa.

Kompyuta nyingi mpya zenye Windows zimeiacha S3. Hubaki kwenye S0 iliyofifishwa, kioo kimezimwa lakini mashine inaamka kidogo kidogo kupokea ujumbe, kama simu ifanyavyo. Ndiyo sababu mojawapo ya kuitoa kwenye begi ukaikuta ya moto na betri imepungua.

Turudi kwenye maombi, maana mfumo unayaweka kwenye daftari na daftari hilo liko wazi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /requests, kisha bonyeza Enter. Vitatokea vichwa kadhaa, vikiwemo DISPLAY kwa wanaozuia kioo kisizimwe na SYSTEM kwa wanaozuia mashine isilale. Chini ya kila kichwa kuna jina la programu iliyoomba, au neno None pale ambapo hakuna aliyeomba. Cheza video kisha urudie amri hiyo, utalikuta jina la kivinjari chako limejitokeza. Kwenye Mac amri ya kazi hiyo ni pmset -g assertions. Kama tasnifu inakokotolewa na kila kichwa kinasema None, umeshajua mwisho wa hadithi kabla hujaenda kitandani.

Dawa yenyewe ni kuiombea kazi yako. Watumiaji wa Mac wana amri inayoitwa caffeinate. Ukiandika caffeinate -i kisha jina la programu yako, mashine inabaki macho mpaka programu hiyo imalize, halafu saa ya vidole inarudi kazini. Ukiandika caffeinate -t 3600 itakesha kwa saa moja na kuacha. Kwenye Linux nyingi, systemd-inhibit inafanya hayo hayo. Windows haikuja na amri ya namna hii, lakini Microsoft inatoa bure PowerToys, na ndani yake mna kifaa kiitwacho Awake unachokipangia saa za kukesha. Uzuri wa ombi ni kwamba lina mwenyewe. Programu ikimaliza, au hata ikianguka njiani, ombi linaondoka nayo na kompyuta inaruhusiwa kulala.

Linganisha na vile vifaa vya USB vinavyotikisa kipanya. Vinajitambulisha kwa kompyuta kama kipanya cha kawaida na kusogeza mshale kidogo kila baada ya muda. Wengine huweka kipanya cha mwanga juu ya saa ya mkononi, mkono wa sekunde ukifanya kazi ileile bila gharama. Ujanja huu haumwombi mtu, unaidanganya saa ya vidole. Matokeo yake kioo kinawaka usiku kucha bila mtazamaji, kufuli la skrini halijifungi, na kazi ikiisha saa saba usiku mtikisiko unaendelea hadi asubuhi. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa kuigiza kwamba wanatumia kibodi. Siwatetei, lakini mwajiri anayepima kazi kwa mtikisiko wa kipanya amejichagulia kipimo kilekile kinachoidharau tasnifu.

Kuna mambo ambayo ombi haliyawezi. Ukifunika kompyuta, kwa kawaida italala hata kama kuna maombi kumi, kwa kuwa kufunika ni amri yako mwenyewe. Masasisho ya Windows yakipanga kuiwasha upya usiku, ombi la kutolala halitayazuia, hivyo yaahirishe kabla. Mashine nyingi mpya za Windows zikiwa kwenye betri huyafuta maombi baada ya muda mfupi, kwa hiyo chomeka chaja. Na usiiache inakesha juu ya godoro, maana matundu ya hewa yakizibwa prosesa inapunguza mwendo ili isiungue, na kazi ya saa nne inaweza kuchukua saa saba.

Kwetu kuna pia suala la umeme kukatika. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS iliyolala S3 inapoteza yote yaliyokuwa kwenye RAM umeme ukienda. Tangu toleo la Vista, Windows ina usingizi mseto, ambao huandika nakala diskini kwanza halafu ndiyo hulala, na kwa mashine za mezani za ukanda huu ningeuwasha bila kuuliza mara mbili. Mwenye bando la usiku atumie programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipoishia, kwa sababu hakuna ombi linaloizuia nguzo ya umeme isianguke. Gharama ya kukesha nayo ihesabiwe: kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ikikaa macho bure kwa saa nane inamaliza karibu nusu uniti, na kwa mwezi ni uniti zaidi ya 14 za LUKU.

Kama wewe ndiye unayeandika programu, iwe ya takwimu, ya kutoa picha za video au ya kuhamisha nyaraka za ofisi, liweke ombi ndani yake. Kwenye Windows ni mwito mmoja, SetThreadExecutionState, unaoitwa kazi inapoanza na kuitwa tena inapokwisha ili kuliondoa. Mistari hiyo miwili itamwokolea mtumiaji wako usiku mzima, naye hatalazimika kugusa mipangilio yoyote.